Ruzizi III na kabini yetu: faida ya ukanda hupimwaje?

Mama mmoja wa Kadutu, katibu wa kamati ya kabini (kibanda cha transfoma) ya avenyu yao hapa Bukavu, mashariki mwa Congo, ameniandikia. Barua yake nimeifupisha hivi: “Papa injinia, kila siku tunaambiwa Ruzizi III ni mradi wa nchi tatu na ukanda mzima utafaidika. Sisi tuko jirani na Ruzizi I na Ruzizi II tangu tuzaliwe, lakini moto (umeme) unarudi saa tano usiku, watoto wamelala. Hiyo faida ya ukanda inapimwa namna gani, na nani ataipata? Halafu kuna jambo la haraka: transfoma yetu imechoka. Tuchange pesa tununue nyingine, ama tusubiri hilo bwawa?”

Mama, asante kwa barua. Naanza na neno litakalokuudhi kidogo. Mradi unaweza kuwa mzuri kweli kwa ukanda, mahesabu yake yakawa safi, na kabini yenu ikabaki vilevile. Hapo hakuna aliyesema uongo. Maswali yako ni mawili, na wakubwa wakishajibu la kwanza hupiga makofi kama wamejibu yote. La kwanza: nchi tatu zikijenga pamoja zinapata zaidi kuliko kila moja ikijenga kwake? La pili: hicho cha zaidi kinamfikia nani, na nani amekilipia?

Tuweke kwanza mitambo mezani. Ruzizi I, ile ya pale mto Ruzizi unapotoka ziwa Kivu, ni ya mwisho wa miaka ya 1950, yenye uwezo wa megawati 29.8, na ni mali ya SNEL, shirika la umeme la Congo. Ruzizi II ilianza kazi mwaka 1989, megawati 43.8, chini ya SINELAC, kampuni iliyoundwa mwaka 1983 na Congo (Zaire ya wakati ule), Rwanda na Burundi kwa hisa sawa. Ruzizi III, chini zaidi kuelekea Kamanyola, ilichorwa zamani kuwa ya megawati 147, kisha ikachorwa upya ikawa 206. Umeme wake utagawanywa sawa kwa tatu, na wenye hisa kubwa ni wawekezaji binafsi, si serikali.

206 gawa kwa tatu ni karibu 69. Hapo ndipo wengi huishia: “Congo itapata megawati 69.” Mimi nikiona ripoti inayoanza na mgao, naifunga nirudi nayo baadaye. Mgao unakuambia nani amepewa kipande gani, haukuambii kama keki imekua.

Faida ya ukanda ni tofauti kati ya maisha mawili: maisha yenye mradi na maisha yasiyo na mradi. Yale ya pili ndiyo magumu kuyaandika, kwa sababu lazima useme kwa ukweli kila nchi ingefanya nini ikiachwa peke yake. Rwanda ina gesi ya ziwa Kivu, ambako mtambo wa KivuWatt huzalisha megawati 26, na ina umeme wa nyasi-mboji, yaani udongo wa vinamasi unaochomwa kama makaa. Burundi imekuwa ikijenga mabwawa yake ya ndani na kujazia kwa mitambo ya mafuta. Sisi Kivu Kusini, bila mradi, tungeendelea na delestaje (kukatiwa umeme kwa zamu), grupu za mazutu (jenereta za dizeli), makala, na sola kwa mwenye uwezo. Kwa hiyo megawati 69 zilezile zina thamani tatu tofauti. Mahali zinapozima grupu ya mafuta zina thamani kubwa. Mahali zinapozuia bwawa dogo ambalo lingejengwa kwa bei ya chini, thamani yake ni ndogo. Ripoti inayotumia bei moja kwa nchi zote tatu imefupisha kazi mno.

Nikuonyeshe kwa karibu. Kuna mwenye mashine ya kusaga mahindi huko kwenu Kadutu ambaye tulikaa naye na daftari lake. Grupu ndogo ya mazutu, ikiwa haijachoka sana, hutoa kama kilowati-saa 3 kwa lita moja. Tuseme lita ni dola 1 na nusu: kila kilowati-saa inamgharimu senti 50, kabla ya oili, filta, na fundi anayekuja kila mwezi na jina jipya la ugonjwa. Tuseme umeme wa mtandao ukimfikia kwa senti 20. Ameokoa senti 30 kwa kila kilowati-saa aliyokuwa akiizalisha mwenyewe. Hiyo ni faida halisi, huwezi kuibishia.

Sasa jirani yake, mama anayeuza samaki, hana grupu. Usiku anatumia tochi na kuchaji simu kwa kijana wa kona. Akipata umeme atatumia kilowati-saa nyingi ambazo hakuwa nazo kabisa. Je, na hizo tuzihesabu kwa senti 30 kila moja? Hapana. Kilowati-saa ya kwanza, ya balbu na simu, ina thamani kubwa kwake, hata zaidi ya senti 50. Ya mwisho, ya kuacha redio ikilia mchana kutwa, ameichukua kwa sababu tu bei imeshuka, na isingeshuka asingeichukua. Ndiyo maana matumizi mapya, kwa wastani, huhesabiwa nusu ya tofauti ya bei, yaani senti 15 katika mfano wetu. Nimeona mahesabu ya miradi ambayo faida yake yote ilitoka hapo: kila uniti mpya imepewa bei ya grupu, hata ya mtu ambaye hajawahi kugusa mazutu. Ukisahihisha mstari huo mmoja, mradi “bora sana” unageuka wa kawaida.

Mtego mwingine ni bei ya kuuziana kati ya nchi na nchi. Magazeti huishabikia: fulani atamuuzia fulani kwa senti kadhaa. Ukipima faida ya ukanda, bei hiyo inapotea yenyewe, maana inatoka mfuko wa kulia kuingia mfuko wa kushoto wa koti moja. Ukipima faida ya Congo peke yake, bei hiyohiyo ndiyo kila kitu. Mtu akichanganya hesabu hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, atahesabu mauzo kama faida ya muuzaji na asahau kuyatoa kwa mnunuzi. Kodi nazo ni hivyohivyo, zinahamisha pesa tu. Ajira za ujenzi ni jambo zuri, lakini mshahara ni gharama ya mradi. Unaiandika faida pale tu mtu huyo asingekuwa na kazi nyingine.

Watu wakisema “tukiunganisha nchi tutasaidiana,” wanamaanisha kwamba mmoja akizidiwa mwenzake ana ziada. Hiyo hutokea sana kama mahitaji yao au vyanzo vyao vinatofautiana. Ethiopia na Kenya zimeunganishwa tangu mwaka 2022 kwa njia ya kilovolti 500 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000: upande mmoja maji, upande mwingine mvuke wa ardhini na upepo. Hapo kuna la kubadilishana. Sisi na majirani zetu? Bukavu, Cyangugu na Bujumbura tunatumia saa ileile, jua linazama pamoja, na wote tunawasha taa na pasi saa moja jioni. Zaidi ya hayo, Ruzizi zote zinakunywa ziwa lilelile. Mwaka 2024 ukame ulipunguza sana maji ya bwawa la Kariba, Zambia ikawa gizani kwa saa nyingi, na wachimba shaba wa Haut-Katanga, ambao huongeza umeme wao kupitia Zambia, wakaonja. Kwa hiyo katika Ruzizi III faida ya “kusaidiana” nisingeipa uzito mkubwa. Faida kubwa iko kwingine: hakuna nchi hata moja kati ya hizi tatu ingeweza kukopa na kujenga kitu cha ukubwa huo peke yake, na mto wenyewe ni mpaka. Ukuta wa bwawa una mguu mmoja Congo na mwingine Rwanda. Kujenga peke yako hakuwezekani hata ukitaka.

Sasa maji, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo sisi wa Bukavu tulipo na sauti tusiyoijua.

Mitambo ya Ruzizi ni kama ngazi. Maji yaleyale yanazungusha turbini za I, yanashuka kwenye II, kisha III. Ziwa Kivu lina eneo la kama kilomita za mraba 2,400. Zuia sentimita moja tu ya maji juu ya ziwa lote, umehifadhi mita za ujazo milioni 24. Mto ukiwa unatoka kwa mita za ujazo 100 kwa sekunde, sentimita hiyo moja ni mtiririko wa karibu siku tatu. Kwa hiyo anayeshika milango pale Ruzizi I ameshika bomba la wote walioko chini. Akifungua kwa kufuata mahitaji yake tu, mtambo wa chini wa mamia ya mamilioni ya dola unapokea maji saa ambayo hauyahitaji. Thamani ya Ruzizi III haiwezi kupimwa kama mradi unaosimama peke yake. Inapimwa ngazi nzima pamoja, na swali la kwanza ni nani anapanga saa za kufungua maji, kwa kanuni ipi iliyosainiwa na nchi tatu. Kanuni hiyo haina saruji wala utepe wa kukata, ndiyo maana hakuna waziri anayekuja kuizindua.

Na takataka. Simama siku ya mvua karibu na mlango wa maji wa Ruzizi I. Chupa, mifuko, ndala za mguu mmoja, makopo ya rangi, vyote vimeteremka kutoka milima yetu ya Kadutu na Bagira, vikapita ziwani, vikajikusanya kwenye chuma za kuchujia. Vijana wanavivuta kwa ndoana siku nzima. Vikizidi, turbini inasimama, na sisi tunasema “wamekata moto.” Katika hesabu ya ukanda, saa hizo ni hasara ya wote watatu iliyotengenezwa na mji mmoja, na kusafisha mifereji ya Bukavu pengine ni mradi wa umeme wenye faida kubwa kuliko yote kwa dola moja inayotumika. Natania nusu tu.

Chini ya mabwawa kuna uwanda wa Ruzizi: mpunga wa Luberizi, miwa ya Kiliba, wavuvi hadi Uvira, na ng’ambo wakulima wa Burundi. Mtambo ukifungua maji jioni na kuyabana asubuhi, mto unapanda na kushuka ndani ya siku moja. Mkulima mwenye mfereji hakuuliza megawati, anauliza maji yatafika saa ngapi. Hasara yake lazima iandikwe katika hesabu hata kama hana mtu wa kumsemea. Rusumo, mradi wa Rwanda, Burundi na Tanzania kwenye mto Kagera, inafundisha hapa: mwanzoni ilichorwa kuwa na ziwa kubwa zaidi nyuma ya bwawa, kisha wakaipunguza ikawa ya kutumia maji yanayopita, megawati 80, ili watu na mashamba mengi yasizamishwe. Waliacha megawati kadhaa mezani. Mimi naona walihesabu vizuri.

Kuna namba moja ndogo ambayo huamua mengi bila kelele: dola ya kesho ina thamani gani leo? Bwawa linakula pesa zote mwanzoni na kulipa kwa miaka 30, 50. Ukipunguza thamani ya kesho kwa asilimia 10 kila mwaka, dola 1 ya mwaka wa 20 ni kama senti 15 leo. Ukipunguza kwa asilimia 6, ni senti 31. Mradi uleule, maji yaleyale, na faida ya mbali imeongezeka maradufu kwa sababu ya namba aliyoiandika mtu ofisini. Ukipewa ripoti, itafute hiyo kwanza, kisha uulize ingekuwaje wakiibadilisha.

Pesa sasa. Mwekezaji binafsi halipwi kwa matumaini. Mkataba wa kununua umeme huwa unasema mtambo ukiwa tayari kuzalisha, unalipwa, mnunuzi autumie asiutumie. Tena kwa dola, wakati wewe unalipa fakitire (bili) kwa franka. Uganda walionja hilo na Bujagali: mtambo wa megawati 250 ulioanza mwaka 2012, umeme ukawa ghali mpaka mwaka 2018 mikopo ikapangwa upya na kurefushwa ili bei ishuke. Bwawa lilikuwa zuri, tatizo lilikuwa ratiba ya deni. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mashirika ya umeme kuchelewa kulipiana ni historia ndefu katika ngazi hii ya Ruzizi. Mnunuzi asipokusanya pesa kwa wateja, hailipi kampuni ya bwawa. Kampuni ya bwawa isipolipwa, haibadilishi vipuri, na mtambo wa megawati 43.8 unazalisha chini ya hapo. Kwa hiyo mita zenu, mama, hizo za nyumbani, ni sehemu ya mradi wa ukanda. Mkopeshaji wa mbali anaziangalia kuliko unavyodhani.

Na usiniambie siasa itaua kila kitu. CEPGL, jumuiya ya nchi hizi tatu iliyozaliwa mwaka 1976, ililala baada ya mwaka 1994 na kuamshwa mwaka 2007. Mipaka imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. SINELAC imebaki kampuni ya watatu. Mpimaji mwaminifu haandiki “amani itakuwepo.” Anaandika mradi unabaki na thamani gani nchi moja ikisusia miaka mitano. Kwa Ruzizi III hesabu hiyo inauma, kwa sababu mlango wa maji uko kwetu na ukuta una miguu miwili, lakini inauma kila upande sawasawa, na hilo lenyewe ni aina ya ulinzi.

Turudi kwenye swali lako la pili, nani anafikiwa. Wazee wanakumbuka njia ya umeme kutoka mabwawa ya Inga, magharibi mwa nchi, mpaka Kolwezi kwenye migodi, ya kama kilomita 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982. Ilibeba umeme juu ya vijiji visivyohesabika na haikuwasha hata balbu moja njiani. Watu husema ni dharau. Sababu ya kiufundi ni kwamba ule ni umeme wa mkondo mnyoofu, na kuuteremsha katikati kunahitaji kituo cha kubadilishia cha gharama kubwa sana. Walichora vituo viwili tu, mwanzo na mwisho. Uamuzi wa nani atapata umeme ulifanyika kwenye mchoro, miaka kabla nguzo ya kwanza haijasimama.

Kwa Ruzizi III mchoro wa kutazama ni ule wa baada ya Kamanyola. Fanya hesabu hii mbele ya kamati. Transfoma ya kilovolti-ampea 400, kama zile za kartie (mitaa) zetu, inahudumia takriban megawati 0.36 ikiwa imejaa. Mgao wa Congo wa megawati 69 unahitaji transfoma kama 190 za namna hiyo, pamoja na nyaya za kuzifikia, na kabla yake njia ya kupandisha umeme kutoka Kamanyola hadi mjini. Sehemu itaenda Uvira, sehemu kwa viwanda. Transfoma hizo zisipokuwepo siku ambayo turbini zinaanza, tutalipia umeme ambao hatuna mahali pa kuupitishia, na majirani wenye nyaya tayari wataununua kwa bei nzuri. Kwa ukanda, bado ni faida. Kwa Kadutu, sifuri.

Kwa hiyo wakija tena na kikao cha kuelezea mradi, usiulize “tutapata megawati ngapi.” Omba waonyeshe orodha ya kabini za mji zilizo ndani ya bajeti hiyo, kwa majina ya avenyu. Kama jibu ni “mtandao wa mji ni mradi mwingine,” uliza unafadhiliwa na nani na unaanza lini, na uwaombe waandike jibu.

Na transfoma yenu: changeni, msisubiri. Bwawa la ukubwa huo huchukua miaka, na transfoma iliyochoka itaungua kabla ya hapo, na hata umeme mpya ukija utaikuta hapo hapo mlangoni. Lakini kabla ya kutoa franka moja, mwombeni fundi apime mzigo saa moja na nusu jioni, siku tatu mfululizo, waya kwa waya. Mara nyingi kinachoua kabini ni waya mmoja kubebeshwa nyumba zote huku mingine miwili imepumzika, na kuhamisha nyumba thelathini kutoka waya huo kunagharimu jasho la siku mbili tu. Mkikuta kweli transfoma ni ndogo, nunueni kwa maandishi yanayosema mchango wenu utarudishwa kidogo kidogo kwenye fakitire, na nakala ikae kwako wewe katibu, isikae kwa mwenyekiti peke yake.